Kusi ikizuia pesa, yamleta baba nyumbani: niliyowaambia wazazi mwanzo wa muhula wa pili

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.

Mwalimu Mkuu, walimu wetu, ustadh wetu wa madrasa ambaye namshukuru sana kuja, wazee wa mtaa, mama zangu, wazazi wenzangu nyote, na nyinyi watoto muliochutama chini ya dirisha mwadhani siwaoni, karibuni. Nimepewa nusu saa. Mama wa mahamri nakuomba usianze kugawa chai mpaka nikae chini, manake harufu tu ya hiliki ishanitoa maneno mawili matatu kichwani, je chai yenyewe ikipita hapa nani atanisikiza.

Mulinichagua mwenyekiti wa wazazi na mimi sikusomea ualimu, kazi yangu ni bahari, kwa hivyo nitasema kwa hesabu ya bahari. Muhula wa pili wafunguliwa mwisho wa mwezi wa nne kuingia wa tano. Wa tano ndio mwezi wa mvua kubwa kuliko yote kwetu Lamu, masika yenyewe. Kaskazi, ule upepo wa kaskazini, ishakwenda zake, kusi, upepo wa kusini, imeingia, na ikifika mwezi wa sita wa saba imekaza kweli kweli, bahari chafu, mwenye dau hatoki, mwenye mashua ndogo hatoki, anayetoka ni mwenye chombo kikubwa na injini na hata huyo atoka moyo juu juu. Wageni nao, wale wa Disemba mpaka Machi, washarudi kwao. Yaani samaki hakuna, mgeni hakuna, shilingi nayo haionekani. Halafu hapo hapo, katikati ya kusi, shule yaandika barua. Leta mia tano ya michezo, leta mia mbili ya safari, leta karatasi za manila, leta picha ya twiga iliyoprintiwa kwa rangi. Mtoto aificha ile barua ndani ya daftari manake jibu ashalijua kabla hajafika nyumbani, kesho yake asema mwalimu nimesahau.

Simlaumu mwalimu. Kalenda yapangwa Nairobi kwa nchi nzima na Nairobi hakuna kusi. Lakini sisi twaijua tangu babu zetu, sasa kwa nini shule yetu iishi kana kwamba haivumi? Ninalosema ni hili, na kamati tushalizungumza usiku mpaka watu wakasinzia: muhula wa pili hatuchangishi pesa. Kama kuna la kuchanga tuchange wakati wa kaskazi, Januari Februari, mtu ana chake. Muhula huu twachanga watu. Manake kusi ikizuia pesa yatuletea kitu kingine ambacho muhula wa kwanza hatuna, yamleta baba nyumbani. Piteni barazani saa nne asubuhi mwezi wa sita muone. Wanaume wamejaa, bao, kahawa, siasa, na kila mmoja ana mikono miwili na ujuzi ambao mwanawe afundishwa kwa picha ya kitabu. Musinitazame hivyo, najua mimi pia niko pale, na bao nafungwa kila siku.

Niseme la pesa kidogo halafu niliache. Elimu ya msingi ni bure tangu 2003, na kiwango serikali ilichoweka kwa mtoto wa shule ya msingi ni shilingi 1,420 kwa mwaka. Gawanyeni kwa mihula mitatu, hata mia tano haifiki. Kwa hivyo mzazi anayesema si serikali yatoa, sawa, yatoa. Na anayesema shule yala pesa aje atazame daftari, liko wazi kwa Mwalimu Mkuu, sheria ya elimu ya 2013 ndiyo iliyoweka chama cha wazazi, tuulize bila kuogopana. Basi hapo nimemaliza.

Nianze na maji manake mvua haitungoji tumalize mkutano. Paa la shule hii ni kubwa, na kila masika twalitazama likimwaga maji mchangani, kisha mwezi wa pili jua likiwaka twanunua maji kwa mitungi yaja juu ya punda. Sasa hii ni akili gani? Watu wa Pate, wa Ndau, wa visiwani huko, wamekaa karne na karne kwa jabia, maji ya mvua yaingia yahifadhiwa, hawakungoja mradi wala mfadhili. Mwalimu wa hesabu ashawapigia watoto wa gredi ya sita hii hesabu na mimi nikamwomba aniandikie. Paa la mita 20 kwa 10, mvua ya milimita 10 ambayo masika ni mvua ya asubuhi moja tu, ni lita 2,000. Toa ya kupotea njiani, bado ni mitungi themanini na kitu ya lita ishirini bila kumlipa mtu. Kinachotakikana ni magata, ile mifereji ya paa, yasafishwe na yale yaliyokatika yafungwe. Magata tunayo, fundi tunao, ngazi iko msikitini wametukubalia. Watoto hawapandi juu, hilo lieleweke, watoto kazi yao ni chini. Na mvua ya kwanza mwacheni Mungu aoshe paa, maji yake yasiingie jabiani, kuna mavi ya kunguru ya miezi mitatu pale juu.

Na jabia lifunikwe. Hapa sitanii. Waliokuwa wakubwa 2004 wakumbuka chikungunya ilivyotupiga hapa Lamu, watu wazima watembea wameinama wameshika kiuno na magoti, nyumba nzima imelala hakuna wa kumpa mwenziwe maji. Watafiti walikuja wakapima damu wakasema katika kila watu wanne watatu waliambukizwa. Watatu katika wanne! Na mwajua yule mbu hakutoka kinamasini, alitoka majumbani mwetu, manake ulikuwa mwaka wa ukame tukaweka maji kwa mapipa na mitungi siku nyingi bila kubadilisha wala kufunika, na yeye apenda maji masafi yaliyotulia, kisha auma mchana, chandarua cha usiku hakimkomeshi. Kwa hivyo kila Ijumaa asubuhi kabla ya watoto kutoka mapema kwa swala, gredi ya tano wazunguka shule na majirani wa shule, kila kopo, kila kifuu, kila tairi lenye maji lamwagwa. Kila wiki, manake yai la mbu kuwa mbu mzima lachukua kama wiki moja hivi, ukikosa wiki moja ushamfuga. Wakija mlangoni kwako musiwafukuze mukasema watoto wa siku hizi hawana adabu, nimewatuma mimi.

Na tukiwa kwenye maji, wapelekwe Shela pia, kwa miguu, wasimame juu ya vile vilima vya mchanga waambiwe maji ya bomba wanayokunywa mjini yatoka chini ya hapo, mvua yaingia mchangani yachujika yakaa. Mtoto akijua hilo akiwa na miaka kumi labda akiwa mkubwa hatakubali kila mtu ajijengee pale.

Sasa siku ya mikoko. Hapa mukae sawa manake nina ugomvi. Tushaona siku nyingi za kupanda miti, watu wavaa fulana mpya, bango, picha, hotuba ndefu kuliko hii yangu, baada ya miezi ukienda pale hakuna hata mti mmoja uliosimama. Halafu mwaka wa pili waja tena pale pale. Mikoko haifi kwa kukosa dua, yafa kwa kupandwa mahali si pake. Mikoko ina aina zake, mlilana ndio unaokaa mbele kabisa wapigwa na mawimbi, mkoko wenyewe wafuata nyuma yake topeni, kisha muia, kisha mkandaa, na mchu utauona mpaka juu huko ambako maji hufika siku za bamvua peke yake, yaani siku za maji makubwa. Sasa mtu aokota mbegu za mkoko, zile ndefu zinazoning'inia, manake ndizo rahisi kupata na kushika, azidunga mbele ambapo ni pa mlilana, kusi yaja yazing'oa zote, kisha aandika ripoti amepanda miti elfu. Mkata mikoko yeyote mtaani angemwambia kwa bure lakini nani amemuuliza.

Kwa hivyo mwaka huu anayeamua wapi pa kupanda si mwalimu, si mimi, si mgeni wa heshima. Ni wazee wetu wakata mikoko, na mmoja namuona pale nyuma ajifanya hasikii. Mzee, ni wewe. Tutakwenda siku ya bamvua, mwezi ukiandama, maji hutoka mbali na hutoka saa nne saa tano asubuhi, saa nzuri kwa shule. Gredi ya nne kwenda juu peke yao ndio wataingia topeni, wadogo watabaki juu wapanga mbegu, na kila watoto kumi wawe na mzazi mmoja ambaye ameshika mtoto, hakushika simu. Mbegu haizamishwi yote, thuluthi yaingia chini, iliyobaki yasimama, na kati ya mbegu na mbegu ni hatua moja nzuri ya mtu mzima. Viatu vya shule vibaki nyumbani jamani. Mwaka jana mama mmoja alinijia na kiatu kimoja mkononi akaniuliza cha pili kiko wapi, nikamwambia uliza kaa.

Lakini kupanda si kazi, kazi ni kurudi. Kila kundi litapewa mistari yake na kamba yenye rangi, wiki ya mwisho kabla ya kufunga warudi wahesabu ilobaki hai, muhula wa tatu wahesabu tena, waandike, wachore ile michoro ya nguzo nguzo anayowafundisha mwalimu. Zikifa nyingi waandike zimekufa. Staki nambari ya kumfurahisha mtu. Na pale ambapo mzee atasema hapa musipande, paacheni tu maji yapite patajimea penyewe, basi tutapaacha, na hiyo pia ni somo. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko kaunti hii yetu, sasa mtoto wa Lamu akimaliza gredi ya sita hajui kutofautisha mchu na mkandaa tutamlaumu nani?

Na mti huu si mti tu. Muulizeni mtoto kwa nini vyumba vya nyumba za mawe za mjini ni virefu na vyembamba, hajui. Ni kwa sababu dari lashikwa na boriti za mikoko, na boriti ina urefu wake, ukipanua chumba zaidi ya hapo dari halishiki. Yaani mji mzima huu, ambao 2001 uliandikwa urithi wa dunia na UNESCO, watu waja kwa ndege kuupiga picha, upana wa vyumba vyake umepimwa kwa mkoko. Fito, pau, mazio, boriti, nguzo, kila unene una jina lake na kazi yake. Mtoto wetu aweza kukutajia aina sita za dinosa, mashallah, lakini pau na mazio amuulize nani? Si baba yuko barazani.

Jahazi nalo ni hivyo hivyo. Msimu huu vyombo vingi vimepandishwa pwani, vyakalafatiwa, pamba yatiwa mafuta yapigwa kwenye nafasi za mbao, matanga yashonwa. Matondoni ndio kwenyewe, mafundi wa huko wajulikana pwani nzima. Gredi ya tano na ya sita watakwenda, na fundi ameniambia waje lakini wasiguse tezo, lile shoka la kuchongea, nikamwambia hilo ni lako na wao. Wapime. Kwanza kwa shibiri, yaani kiganja kilichotanuliwa vidole, kisha kwa dhiraa, kisha kwa pima. Shibiri mbili ni dhiraa, dhiraa nne ni pima, na pima ni kama mita moja na desimali nane hivi, kutegemea mikono ya nani. Hapo mtoto atauliza mwenyewe, kwa nini yangu na ya fundi hazilingani, na ndipo mwalimu ampe mita na ajue mita ilitafutiwa nini. Hili mtoto hulisahau akiliambiwa ubaoni, akilipima kwa mkono wake haliendi popote. Na wasichana wanakwenda, staki kusikia hilo neno tena, mama mmoja aliniuliza msichana aenda kufanya nini kwa mafundi, aenda kupima kama mwenziwe.

Vile vile wavulana watasuka ukili, ule mkanda wa kushonea mikeka. Ndio, mwacheka. Mama zetu wawili wamejitolea kuja Jumatano na ukindu na rangi, na mtoto akishasuka ukili wa dhiraa kumi ajua mpango wa rangi na kuhesabu moja juu moja chini kuliko vile vitabu vya mazoezi vya kununua. Huu mtaala wa umilisi munaoulalamikia, na mimi nilikuwa wa kwanza kulalamika, ukiusoma vizuri wasema tumia vitu vya mazingira yako, na kazi anazofanya mtoto gredi ya nne, ya tano na ya sita nazo zahesabiwa, si mtihani wa mwisho peke yake. Nani alituambia mazingira yetu ni manila na gundi ya dukani?

Safari ya Mombasa haipo mwaka huu. Najua, watoto wa dirishani nimewasikia. Elfu tatu kwa mtoto, basi la safari ndefu kutoka Mokowe, aende akaone Fort Jesus na Ngome yetu iko hapa hapa Mkunguni hajaingia hata siku moja. Ngome hii ilianzwa 1813 ikamalizika 1821, na ilikuwa jela mpaka 1984, wengine hapa wana babu zao waliwahi kulala humo na hawasemi kwa nini. Tutakwenda kwa miguu, kila mtoto na swali moja aliloliandika kabla.

Kwa ustadh nina shukrani na ombi. Watoto wetu wana shule mbili, asubuhi hii, jioni madrasa, na miaka yote tumepanga mambo ya shule kana kwamba hiyo ya jioni haipo, mazoezi ya mpira saa tisa na nusu, mtoto akichelewa madrasa apigwa maneno, akiwahi madrasa mwalimu wa michezo amtoa kwa timu. Mtoto amekosa nini? Tumekaa na ustadh tukakubaliana vilabu vyote vifanywe mchana ndani ya saa za shule, na ile Jumamosi ya mikoko darasa la madrasa lahamishwa, na ustadh mwenyewe ameniambia anakuja topeni. Nitapiga picha.

Muziki ntapita haraka. Mashindano ya muziki ya shule huishia kitaifa mwezi wa nane na sisi tuna goma, tuna kirumbizi ya bakora, tuna kasida na matwari, kisha kuna mwaka tulikwenda kukodi nguo za ngoma za watu wengine tukacheza ngoma isiyokuwa yetu vibaya. Kanzu na kofia ziko nyumbani. Leso ziko nyumbani. Mzee wa kufundisha hatua za kirumbizi anaishi nyumba ya tatu kutoka hapa na asema hakuna aliyemwita. Nimemwita.

La vyombo nalisema na manahodha wenzangu, taratibu lakini si kwa mchezo. Tuna watoto wanaovuka kila asubuhi, na kusi hii mkondo mwaujua. Chombo cha watu kumi kikibeba watoto kumi na nane ati kwa sababu ni wadogo, hapana. Kila mtoto avae laifujaketi na iwe imefungwa, isiwe imewekwa chini imekaliwa. Na siku bahari imechafuka mtoto asivuke, Mwalimu Mkuu amekubali mbele yenu kwamba hatapigwa wala hatafanyiwa maneno kwa kukosa siku hiyo, kupiga mtoto shuleni kwenyewe sheria ishakataza.

Haya, kazi. Magata yaanza Jumamosi hii saa moja asubuhi, nimeandika majina kumi na moja na mafundi wawili, bado upande wa choo hauna mtu na nafahamu kwa nini. Wavu wa kufunika jabia tumepata kipande, chakosa kama mita mbili, mwenye chandarua kikuukuu akilete. Mikoko ni Jumamosi ya bamvua inayofuata mwezi kuandama, tangazo litatoka msikitini na kwa darasa. Matondoni tuna mashua moja, twataka ya pili yenye injini isiyozima njiani, mafuta shule italipa katika kile kilichobaki cha muhula wa kwanza. Wanaotaka kuandikwa mwalimu wa gredi ya nne ana daftari pale mlangoni, andika jina na unachojua kufanya, musiandike "chochote", chochote si kazi. Maswali sasa, na anayeuliza asimame atuambie kwanza mwanawe yuko gredi gani.